Masika ya Kufunga Mabegi

Machi 2

Mvua ya kwanza imenyesha leo na imeingia kwa dirisha la jikoni, lile ambalo mume wangu anasema atalitengeneza tangu mwaka juzi. Nimetandaza matambara, nimeyakamua, nimeyatandaza tena. Halafu nimekaa nikaanza kuandika, maana nikiendelea kuyasema haya kwa sauti nitaitwa mke mwenye mdomo. Hapa nitasema ninavyotaka.

Mambo yalivyo ni hivi. Masika yakiisha, mimi na mume wangu tunaondoka. Siyo kutembea wiki mbili na kurudi na picha. Tunakwenda mwaka mzima, pengine zaidi, nchi baada ya nchi. Kuna watu huko nje ambao nao husafiri, wakaacha nyumba zao, na wanahitaji mtu wa kulala humo, kulisha paka na kumwagilia maua. Hawakulipi, na wewe huwalipi kodi. Nyumba ya kwanza nimeshaipata, ya mama mmoja mjane mwenye paka wawili, na anatutarajia mwanzoni mwa Juni. Viza zimetoka. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za eksirei hospitalini. Yeye ni fundi wa lifti. Tumeoana miaka kumi na saba na hatuna watoto. Nimeliandika hilo mapema ili lisije likanivizia mbele.

Mimba ya mwisho iliharibika mwaka juzi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi, lile lile ninalokalia kila siku saa ya chakula, safari hiyo nikiwa mgonjwa. Nikamwambia, "Tusijaribu tena. Twende mbali." Akasema, "Twende." Hakuuliza wapi. Nilimpenda sana siku ile kwa kutouliza. Sasa naanza kuona kwamba mtu asiyeuliza wapi huenda hajakusudia kwenda.

Machi 5

Mabegi hayajanunuliwa. "Mvua ikikatika," amesema.

Machi 6

Wapangaji wamekuja kuiona nyumba, mtu na mkewe, wote walimu. Wamependa. Wameuliza kuhusu dirisha la jikoni. Mume wangu amewaambia mvua ikikatika.

Machi 9

Tumekwenda kwa mama mkwe kula chakula cha mchana, na nilikuwa nimemwambia mume wangu njiani: leo unamwambia mama yako. Akaitikia. Tukala. Tukazungumza habari za mvua, bei ya mafuta ya taa, jirani aliyefiwa. Wifi yangu akaeleza kwa kirefu jino lake lilivyong'olewa. Nikamkanyaga mume wangu mguu chini ya meza. Akasogeza mguu.

Basi nikasema mimi.

Wifi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mnakwenda kufanya nini huko?"

"Kukaa."

"Kukaa si mnakaa hapa?"

"Huko tutakaa kwingine."

"Kwa hiyo mtu anaacha nyumba yake anakwenda kulala nyumba ya mwenzake, alishe paka."

Likisemwa hivyo kwa kweli halina utetezi. Nikamgeukia mume wangu aniokoe. Akapangusa mdomo, akamwambia mama yake, "Bado tunapanga panga tu, mama. Mvua ikikatika tutaona."

Tutaona. Na viza imeshagongwa kwenye pasipoti yake, ana picha yake humo amekodoa macho kama mwizi wa kuku.

Mama mkwe akainuka. Alikusanya sahani moja moja, akapita nyuma yangu, akachukua na yangu, nami nilikuwa bado sijamaliza.

Machi 14

Leo nimejua kwamba mume wangu amemwahidi dada yake nyumba yetu. Dada yake aliomba, na yeye hakuona njia ya kukataa, akasema sawa. Nimemuuliza walimu wale tuwaweke wapi, kwenye tangi la maji? Akasema hakutaka kumvunja moyo dada yake.

"Kwa hiyo nani atamvunja?"

Akaniangalia kwa upole.

Nimekwenda kumvunja mimi. Wifi amesema hataki kunisikia tena maisha yake yote. Jioni nyumba imekuwa na amani ambayo sijaipata tangu niolewe.

Machi 18

Mvua. Yeye hayupo. Masika yakianza maji yanaingia kwenye mashimo ya lifti, na lifti zote za mji huu zinajua namba ya simu ya mtu mmoja tu.

Machi 22

Begi limenunuliwa. Limekuja begi ambalo angeweza kulala ndani yake na miguu akanyoosha. Nimelifungua nione amepakia nini mpaka sasa: spana, koleo, nyundo mbili, tochi ya kuvaa kichwani na gundi. Nguo hamna hata moja.

"Tunakwenda kukaa kwenye nyumba za watu," nimemwambia, "hatuendi kuzijenga."

"Huwezi kujua."

Nimetoa nyundo moja. Nimerudi kutoka bafuni, nimeikuta imerudi ndani.

Machi 31

Nimeaga kazini. Nitamaliza mwisho wa Aprili. Wenzangu wamepiga makofi, mmoja akalia, mkubwa wetu akasema nafasi yangu haitashikwa na mtu mwingine, na palepale akanikabidhi binti nianze kumfundisha. Nimefika nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nimemuuliza mume wangu, "Na wewe?" Akasema, "Nimeshaongea nao Ijumaa." Tukala vizuri. Akanioshea vyombo.

Aprili 8

Nitaandika polepole, moja baada ya jingine.

Asubuhi aliletwa kwangu mgonjwa wa kifua, mwanamume mnene mwenye kikohozi cha muda mrefu. Nikamsimamisha mbele ya sahani ya mashine, nikamwambia aweke kidevu hapa, mabega mbele, avute pumzi asiiachie. Alipoiachia akasema, "Shemeji, hunikumbuki?" Nikamwangalia vizuri. Kumbe ni mwenzake mume wangu wa karakana, alipungua mwaka jana, sasa amenenepa tena. Tukasalimiana vizuri. Akavaa shati, huku anafunga vifungo akasema, "Tumefurahi sana Fundi amekubali kubaki. Bila yeye masika haya tungekwama."

Nikasema, "Kubaki mpaka lini?"

"Si mpaka mwisho wa mwaka? Ndivyo alivyomwambia bosi ile Ijumaa ya mwisho wa Machi."

Nikamwambia akasubiri majibu nje. Nikamwita mgonjwa mwingine, nikampiga picha ya goti la kushoto wakati daktari ameandika la kulia. Haijawahi kunitokea. Binti ninayemfundisha aliona, akanipangia upya mashine bila kusema kitu. Nilimshukuru kwa hilo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilowa makusudi. Yeye alikuwa sebuleni ameinua suruali mpaka magotini, ananing'iniza viatu dirishani.

"Uliongea nao Ijumaa," nikasema.

"Ndiyo."

"Uliwaambia nini?"

Alijua hapo hapo. Mtu ukiishi naye miaka mingi unaona jinsi uongo unavyomtoka usoni, unashuka taratibu kama lifti zake.

"Walinikalia kooni," akasema. "Bosi alisema watu watakwama ndani, wazee, wagonjwa. Nikasema nitafikiri."

"Mwenzako amesema umekubali."

"Kwa bosi, kufikiri na kukubali ni kitu kimoja."

"Na kwangu? Kwangu kukubali ni nini? Mimi nimeacha kazi. Nyumba tumeipangisha. Wewe ulikuwa unataka niondoke peke yangu na hiyo mifuko yako ya spana?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Ulikuwa unatafuta wapi? Chini ya kitanda?"

Akaniambia nisipige kelele, majirani. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia kwamba ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba anampa kila mtu ndiyo yake na mimi ndiye ninayebaki kuzilipa, kwamba kuishi naye ni kama kuegemea pazia. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Yeye alikaa amejikunja kwenye kochi, suruali bado iko magotini, na hakujitetea hata kwa neno moja. Mtu akikupigia kelele unapata mahali pa kushika. Huyu hakunipa.

Mwisho nikamuuliza, "Unataka kwenda au hutaki?"

"Nataka."

Alijibu haraka mno.

Aprili 9

Hatusemezani. Imenyesha kutwa.

Aprili 10

Hatusemezani. Ameweka uji mezani mbele yangu. Nimekula, sikushukuru.

Aprili 12

Amekwenda kuaga kazini, safari hii kweli. Najua ni kweli kwa sababu nilimsindikiza nikakaa mapokezi, mkoba mapajani, kama mama aliyempeleka mtoto kuomba msamaha shuleni. Bosi wake alitoka naye, amemshika bega, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Sikuinamisha kichwa.

Aprili 17

Walimu wameleta kabati lao mapema. Limesimama katikati ya sebule. Tunalizunguka.

Aprili 21

Mama mkwe ameanguka.

Alikuwa anatoka uani, ngazi ilikuwa imelowa, akateleza akaangukia nyonga. Wifi alinipigia simu kazini. Ndiyo, yule yule asiyetaka kunisikia maisha yake yote. Akasema, "Njoo, mama anakufa." Sikuwa na haja ya kwenda, maana walikuwa wameshafika getini kwetu hospitalini.

Nilimpiga picha mwenyewe. Nilimlaza, nikamfunika, nikamgeuza mguu ndani kidogo, na yeye akapiga yowe lililowatoa watu vyumbani. Nilikuwa naomba kimyakimya. Nimeona nyonga nyingi za wazee zilizovunjika na najua kinachofuata: kitanda, vidonda vya mgongo, mapafu. Picha ilipotokea nilisogea karibu, kisha nikasogea mbali, kisha karibu tena. Mfupa mzima. Hakuna ufa, hakuna kichubuko. Pamoja na umri wake, nimeona vijana wenye mifupa mibaya kuliko huyu. Nikamwita daktari, mtu asije akasema nimejipendelea. Akakubali: ni michubuko ya nyama, apumzike, atembee taratibu baada ya siku mbili tatu.

Nikatoka nje kuwapa habari njema.

"Haujavunjika, mama."

"Umevunjika," akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

"Nimeuona, mama. Daktari naye ameuona."

"Mashine haiumwi. Anayeumwa ni mimi."

Wifi akasema mashine za hospitali hii zinajulikana. Mume wangu akaniangalia, akamwangalia mama yake, akaniangalia. Na mimi nikayaona maneno yanakuja kabla hajafungua mdomo.

"Tusogeze mbele kidogo," akasema. "Mwezi mmoja tu. Mvua ikikatika."

Aprili 24

Anakwenda kwa mama yake asubuhi, anarudi usiku. Mama hawezi kusimama. Mama hawezi kushika kijiko, ingawa kilichoanguka ni nyonga.

Aprili 27

"Kama ukisema mfupa ni mzima, mbona hatembei?" ameniuliza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa hii ameuliza kazi yangu kama naijua. Nimemjibu kwamba mfupa ni kazi yangu, kutembea ni kazi ya mwenye mguu.

Aprili 30

Siku yangu ya mwisho kazini. Nilitaka kuandika mengi. Nimechoka.

Mei 3

Leo nilikwenda kwa mama mkwe bila kutoa taarifa, saa nne asubuhi, mume wangu akiwa ametumwa mjini kutafuta dawa ya kuchua, nimembebea mchuzi kwenye bakuli. Nilikuwa nimeapa kwamba nitakwenda na uso mzuri. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, maana mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nikapiga hodi na kuingia wakati ule ule, kama tunavyofanya.

Alikuwa juu ya kiti anatungua mapazia.

Siyo amesimama kwa shida. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mikono yote miwili juu, mdomoni ameshikilia vibanio. Akanisikia. Hakugeuka haraka, akaendelea kutoa kile alichokuwa anakitoa, kisha akatema vibanio mkononi.

"Umeniona," akasema.

"Nimekuona, mama."

"Basi shika kiti, kinayumba."

Nikaweka bakuli chini nikashika kiti. Ningefanyaje? Akatungua mapazia yote, akanikabidhi, akashuka akinishika bega, mguu ule uliovunjika ukitangulia. Tukakaa. Nilikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, nimeyakusanya tangu ile Jumapili aliponinyang'anya sahani. Yeye akaanza.

"Wifi yako alikwenda kusoma ng'ambo," akasema. "Miaka mitatu. Watu walisema harudi. Nikasema atarudi, kwa sababu aliniachia mtoto. Mtu akisafiri akaacha mtoto nyuma, anarudi hata kama ni kwa kutambaa. Ninyi mnaacha nini, mkamwana? Dirisha bovu?"

Nilitaka kukasirika. Nina mazoezi ya kutosha. Lakini hasira haikuja, ilikuja ile nyingine, ile ninayoijua toka kwenye benchi la wodi.

"Sikusema ili nikuumize," akasema.

"Umeniumiza."

"Najua." Alikunja pazia moja, akalikunja tena. "Mimi nawaangalia ninyi wawili, naona watu waliofungua milango yote ya nyumba. Upepo ukipita, mnakwenda nao. Ninaogopa. Sasa mzee akiogopa anafanya nini? Hana nguvu za kufunga mlango. Anaanguka mbele yake."

Ningeweza kumwambia kwamba tutarudi kwa ajili yake, na ingekuwa sauti ya mwanawe, kuahidi ili mtu anyamaze. Nikamwambia hivi: "Mama, mimi sijui kama nitarudi vile nilivyo. Nikibaki ndiyo najua kabisa nitakuwa nani. Nitakuwa yule mama wa eksirei asiye na mtoto, mpaka nistaafu."

Akaliinua bakuli sakafuni, akalifunua. Kisha akaniuliza kama mchuzi una chumvi au ni wa wagonjwa.

Nilipoinuka kuondoka akanishika kiganja. "Mguu nitauponya mwenyewe," akasema. "Wewe usiseme."

Mei 5

Mama mkwe anatembea. Mume wangu amerudi anang'aa uso. "Umeona? Nilimwambia dawa ya kuchua ndiyo itamsaidia. Ninyi wa hospitali mnadharau."

Nimeuma ulimi mpaka nimesikia ladha yake.

Mei 11

Tumekabidhi nyumba, ila walimu wametuachia chumba kimoja mpaka tuondoke. Dirisha la jikoni amelitengeneza jana, mvua ikiwa karibu kukatika, ili walimu wasilowe. Mimi nimelowa masika mawili.

Mei 13

Gari la kutupeleka uwanjani lilikuwa limeshafika mama mkwe alipotokea na wifi. Nikajua tutalia, nikajikaza. Hatukulia. Mama mkwe aliuliza begi langu amelipanga nani. Nikasema mimi. Akalifungua palepale barazani, akatoa kila kitu, blauzi, chupi, kila kitu mbele ya dereva, akakunja upya nguo moja moja akinung'unika kwamba hivi ndivyo watu wanavyofika wamekunjamana kama matambara. Dereva alipiga honi. Hakusikia. Wifi akampa dereva jicho, honi ikakoma.

Akafunga zipu, akaligonga begi kwa kiganja, akasema, "Nendeni." Hakumkumbatia mwanawe. Alinisukuma mimi garini.

Ndani ya ndege mume wangu alishika mkono wa kiti mpaka tukatua. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, yuko sawa.

Mei 16

Nchi ya kwanza. Baridi. Watu wanasema haraka, hatuelewi. Chumba kina kitanda kimoja na dirisha linaloangalia ukuta.

Mei 19

Ametengeneza bomba la mwenye nyumba ya wageni. Hakuombwa.

Mei 22

Ninatembea peke yangu. Nimeona soko, mto, jengo kubwa la vitabu. Nikirudi namkuta kitandani na simu, anaongea na karakana, anamwelekeza mtu jinsi ya kufungua mlango wa lifti iliyokwama nyumbani. Anaongea kwa furaha. Nikiingia anapunguza sauti.

Nimemuuliza, "Kuna nini?" Amesema, "Hakuna."

Mei 25

Hakuna.

Mei 28

Leo tulitakiwa kuanza safari ya kwenda kwa mjane, mwendo wa siku kadhaa, unabadilisha mabasi mji hadi mji. Tulifika kituoni asubuhi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, siyo mvua ya kwetu inayoanguka ikajulikana, ni ya kukulowesha kwa siri. Tulikaa kwenye benchi la chuma, mabegi katikati yetu. Nikamwambia, "Basi linaondoka baada ya muda mfupi, nenda chooni." Hakuinuka. Akasema, akiangalia barabara:

"Mimi sikutaka kuja."

Nikadhani anasema kituoni.

"Safari," akasema. "Tangu mwanzo. Sikuwahi kuitaka."

Kuna hasira ya moto na kuna hasira ya baridi. Nilikaa na ile ya pili. Nikamwomba arudie, akarudia. Hakutetemeka. Nadhani lilikuwa jambo la kwanza alilolisema tangu Machi bila kutafuta pa kukimbilia.

"Nilikuuliza," nikasema. "Nilikuuliza usoni. Ukasema unataka."

"Ningesemaje? Ulikuwa umelala wodini wiki nzima umeugeukia ukuta. Huli. Huongei. Halafu siku ile kwenye benchi ukasema twende mbali, na ulipofika nyumbani ukatafuta ramani, ukacheka. Ulicheka kitu gani sijui, jina la mji fulani. Nikasema moyoni, akitaka mwezini twende mwezini. Kila nilipotaka kukwambia kweli nilikuwa naona ule ukuta."

"Kwa hiyo ulikuwa unasubiri nini? Mvua?"

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nasubiri upone, ili nikwambie. Lakini ulikuwa unapona kwa kupanga safari. Sasa ningekwambia lini?"

Niliondoka nikaenda kukaa benchi lingine, upande wa pili, kati ya mama mwenye kuku wa kuchoma kwenye karatasi na mzee aliyesinzia. Mimi niliyemfikiria mzembe, pazia, mtu wa ndiyo bwana, kumbe alinibeba nami nilidhani ninamburuta. Hilo liliniudhi kuliko uongo wote. Mtu hupaswi kubebwa bila kuambiwa. Nami yule mwanamke aliyegeukia ukuta simkumbuki vizuri, ila mwenzangu amemwona na hajamsahau hata siku moja.

Basi likaingia. Nikamrudia.

"Kama unarudi, rudi," nikamwambia. "Sitakulaumu, na nasema kweli. Mama yako atapika. Lakini mimi siendi nyumbani. Sitafuti tena cha kunichekesha. Nimeshapona, nimechoka tu. Naitaka hii safari yenyewe, na baridi yake na mabomba yake. Paka wale niliwaahidi mimi."

Akalikuna shavu. Dereva akatupigia ishara.

"Nakuja mpaka mji unaofuata," akasema. "Nikifika nitakwambia kama naendelea. Nitakwambia kweli."

"Usiniahidi mwaka."

"Siahidi mwaka. Mji unaofuata tu."

Akapakia mabegi yote mawili. Lake lilimshinda, nikalisukuma kwa nyuma.

Mei 29

Mji wa kwanza. Kweli yake: tumbo linamuuma na anataka kurudi. Nilimwambia kituo cha kurudi kiko upande ule. Tumekula, ameangalia upande ule, tumepanda basi.

Mei 30

Kweli yake: anataka kurudi, ila mkate wa hapa ni mzuri. Kweli yangu: nimelia bafuni kwa kumkumbuka mama yake. Tena yule.

Mei 31

Tumegombana kutwa kuhusu ramani. Amenipigia kelele. Katikati ya daraja, watu wanapita, mume wangu ameniambia kwa sauti kubwa kwamba mimi huamua kila kitu kisha namuuliza maoni yake kama mtu anayemwonyesha kipofu picha. Sikupendezwa hata kidogo na alichosema. Nimelala vizuri kuliko siku zote.

Juni 2

Tumefika kwa mjane.

Nyumba ni ndefu na nyembamba, ina ngazi nyingi, na inanuka sabuni. Mjane mwenyewe ni mwanamke mfupi mwenye miwani, ameshavaa koti, sanduku liko mlangoni, teksi inanguruma nje. Anakwenda kwa dada yake. Maneno ya lugha yake tunajua machache, na ya kwetu yeye hajui hata moja, basi alituonyesha kila kitu kwa mikono: paka hawa, chakula chao pale, bomba hili usiguse. Nikamwona mume wangu analitazama lile bomba. Nikakohoa.

Tulipofika juu, kwenye chumba chenye kitanda kidogo kando ya kitanda kikubwa, mjane akatugeukia. Akaweka kiganja chake hewani usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno, kisha usawa wa bega, akauliza kwa uso. Wangapi?

Nilijua swali hilo litatufuata. Nilikuwa nimesahau tu kwamba halihitaji lugha. Kwa miaka yote hii likiulizwa mbele ya watu, mume wangu hujibu "bado", akaangalia viatu vyake, nami hubaki nimesimama na hiyo bado kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwingine. Nikasubiri aangalie viatu.

Akatikisa kichwa. Taratibu, bila haraka, akimwangalia mjane machoni. Kisha akanigusa bega, akajigusa kifua, akainua vidole viwili.

Mjane akavitazama vile vidole. Akaitikia kwa kichwa, hakutia huruma usoni, akafungua kabati akatutolea blanketi moja zaidi. Akatushusha ngazi, akaweka funguo kiganjani mwangu, akakifumba kiganja changu kwa mikono yake miwili, akapanda teksi.

Tukafunga mlango. Mawingu yalikuwa yameshuka, ndani kukawa giza saa tisa mchana, na paka wote wawili wakakaa kwenye ngazi wakitutazama. Hatujui taa zinawashwa wapi. Nimemwambia atafute. Amesema nitafute mimi, mimi ndiye niliyeitaka nyumba. Nimemwambia hajaniambia kweli yake ya leo.

"Nina njaa," amesema, huku anapapasa ukuta. "Na nataka kukaa hapa kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Usinianze," amesema. "Papasa upande wako."